Mwongoza Ndege Vitani: Mwanahewa Afanyaye Kazi Ardhini

Katika Jeshi la Anga la Marekani lipo kundi dogo la askari wa operesheni maalumu ambao jina la kazi yao, likifasiriwa neno kwa neno, huzaa "mdhibiti wa mapigano", tafsiri inayopotosha kwa kuwa humfanya msomaji amdhanie askari huyo kuwa kamanda, ilhali anachokidhibiti ni ndege. Askari huyo hutangulia, mara nyingine kwa mwamvuli, mahali pasipo na mnara wala uwanja, akaweka alama za kutua, kisha kwa redio akaziongoza ndege zinazotua, zinazopaa na zinazoshambulia. Tena hufuzu kwanza uongozaji wa ndege za kawaida. Kwa kuwa Kiswahili kina "mwongoza ndege" tangu zamani, kinachobaki ni kutaja mazingira ya kazi: "mwongoza ndege vitani".

Jina la jumla la askari wa jeshi hilo ni gumu zaidi kulifasiri. "Rubani" ni yule arushaye ndege tu, na "mwanaanga" limekwisha kutwaliwa na msafiri wa anga za juu. Kenya husemwa "mwanahewa", kwa mfano wa "mwanamaji", na neno hilo ndilo linalofaa, kwani "mwana-" huonyesha mtu ni wa wapi, si yuko wapi: mwanakijiji aliye safarini hakomi kuwa mwanakijiji.

John Chapman alikuwa mwanahewa, tena mwongoza ndege vitani. Tarehe 4 Machi 2002, katika mlima wa Takur Ghar nchini Afghanistan, helikopta iliyobeba kikosi chake ilipigwa, askari mmoja akaanguka kutoka humo, nayo ikalazimika kutua bondeni, ambako Chapman aliita ndege ya mashambulizi, akaielekeza imtafute aliyepotea, na akaiongoza helikopta iliyokuja kuwachukua. Waliporudi kileleni, alipanda thelujini akiwashambulia maadui waliokuwa handakini, akajeruhiwa, na wenzake wakarudi nyuma wakiamini amekufa. Uchambuzi wa baadaye wa picha za ndege isiyo na rubani uliwashawishi wakuu wa jeshi kwamba alizinduka, akapigana peke yake, na akafa akiikinga helikopta ya waokoaji iliyokuwa ikiwasili.

Nishani yake ya kwanza, Msalaba wa Jeshi la Anga, ilipandishwa daraja tarehe 22 Agosti 2018 kuwa Nishani ya Heshima, iliyo kuu kuliko zote. Hapa mwandishi ajihadhari na "nishani ya marehemu", maneno yanayoweza kumaanisha nishani aliyoivaa angali hai. "Nishani aliyotunukiwa baada ya kufa" ni ndefu lakini haina utata. Kiswahili, isitoshe, kina vitenzi viwili vinavyogawana tukio hilo vizuri: aliyetunukiwa ni Chapman, na aliyekabidhiwa ni mjane wake.