Kutoka diploma hadi digrii: jiandae mapema

Mimi mwenyewe ni mtu wa diploma, na kila mwaka vijana wa mtaani huniuliza chuo kikuu wataingiaje. Njia ipo. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu diploma iko ngazi ya 6, digrii ya 7. Aliyekosa C+ ya KCSE hupandia hapo.

Linaloumiza ni kurudia masomo. Chuo kikuu chaweza kukusamehe baadhi ya uliyokwisha kusoma, lakini si kwa maneno matupu: hulinganisha silabasi yako na yake, mada kwa mada. Basi hifadhi silabasi ya kila somo pamoja na matokeo tangu muhula wa kwanza. Ukingoja umalize, utakuta mwalimu kahama na karatasi hazionekani.

Uwe waelekea Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, uliza kabla ya kulipa hata shilingi: mtanisamehe masomo gani, nitaanza mwaka wa ngapi? Jibu lidai kwa maandishi. Mwaka mmoja wa kurudia ndio karo ya mdogo wako wa sekondari.