Kituo cha Mlima Kenya na Uaminifu wa Vipimo vya Hewa

Katika nchi jirani ya Kenya, kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kipo kituo kidogo kilichofunguliwa mwaka 1999. Kazi yake ni kupima gesi zisizoonekana kwa macho, kama vile ozoni na kaboni monoksaidi. Kiliwekwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswisi, chini ya mpango wa kuchunguza angahewa ulioanzishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 1989. Vituo vya namna hiyo katika Afrika ya ikweta ni vichache mno. Kwa hiyo kikikosea, ni vigumu kumpata jirani wa kukisahihisha.

Kila askari aliyewahi kushika zamu anajua kwamba taarifa ya lindo ikiwa ya uongo, ni hatari kuliko lindo lisilo na mtu. Historia ya tundu la ozoni huko Antaktika yalithibitisha jambo hilo.

Katika kituo cha Halley, Waingereza walikuwa wakipima ozoni tangu miaka ya 1950 kwa chombo kilichobuniwa na Dobson. Mapema katika miaka ya 1980, vipimo vya mwezi Oktoba vilianza kushuka kwa namna ya kutisha. Joseph Farman, aliyesimamia kazi hiyo, hakukimbilia kutangaza. Chombo kilikuwa kikuukuu, na huenda kilikuwa kimeharibika. Kikapelekwa kingine, nacho kikatoa jibu lile lile. Ndipo Mei 1985 yeye na wenzake, Gardiner na Shanklin, walipochapisha matokeo: ozoni ya Oktoba, iliyokuwa takriban vizio 300 vya Dobson, ilikuwa imeshuka chini ya 200.

Wakati huo huo setilaiti ya Marekani, Nimbus-7, iliyorushwa mwaka 1978, ilikuwa ikipita juu ya bara hilo kila siku. Imezoeleka kusimuliwa kwamba mitambo ya Wamarekani ilizitupa namba ndogo kwa kuwa haikuziamini. Simulizi hiyo si sahihi. Namba zilizokuwa chini ya 180 ziliwekewa alama ya shaka tu, zikahifadhiwa, na wataalamu waliziona. Walipotaka kuzihakiki walitazama taarifa ya kituo cha ardhini kwenye Ncha ya Kusini, nayo ikaonyesha kiasi cha 300. Baadaye ikabainika kwamba taarifa hiyo ya ardhini ndiyo iliyokuwa na kosa. Yaani shahidi mwongo alifanya shahidi mkweli ashukiwe. Namba zile zile zilizohifadhiwa ndizo zilizotumika hatimaye kuonyesha ukubwa wa tundu lenyewe, na mwaka 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kupunguza kemikali zinazoharibu ozoni.

Mafunzo hayo ndiyo yanayotawala kazi ya Mlima Kenya. Kipimo cha kituo huhakikiwa kwa kipimo kingine chenye daraja ya juu zaidi, na hicho nacho kwa kingine, hadi kufikia kipimo-mama kinachotambuliwa na dunia nzima. Wakaguzi kutoka taasisi ya Empa ya Uswisi hufika na vyombo vyao na mitungi ya gesi ambayo kiasi chake kinajulikana, kisha hulinganisha. Ni kama mizani ya sokoni inavyohakikiwa kwa mawe ya serikali, ila hapa kinachopimwa ni sehemu chache katika kila sehemu bilioni za hewa.

Hata chombo kilicho sahihi kabisa chaweza kupotosha. Mchana, jua likipasha miteremko, upepo hupanda kutoka mabondeni ukibeba hewa ya nyanda za chini pamoja na moshi wake. Usiku upepo hugeuka, ukateremsha hewa safi ya juu. Kwa hiyo wataalamu wanaotaka kujua hali ya anga pana hutegemea vipimo vya usiku, na vile vya mchana huviweka kando. Tena umeme mlimani umekuwa ukikatika na kuacha mapengo katika kumbukumbu. Mapengo hayo huachwa wazi. Kuyajaza kwa kukisia kungekuwa sawa na mlinzi kuandika kitabuni doria ambayo hakuifanya.

Vipimo vya mwaka 2002 hadi 2006 vilichambuliwa kwa utaratibu huo na kuchapishwa mwaka 2008. Vilionyesha kwamba hewa ya mlima huo hubadilika kufuata pepo zinazojulikana na mabaharia wa pwani yetu tangu kale. Wakati wa kusi hewa hutoka kusini ya dunia kupitia Bahari ya Hindi. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, huja hewa kutoka upande wa Bara Arabu na India, ikiwa na kaboni monoksaidi nyingi zaidi.