Ufungaji wa mita za nishati katika viwanda vya zamani

Ufungaji wa mita za nishati katika viwanda vya zamani ni kazi ya kuweka vifaa vya kupimia matumizi ya umeme, mvuke, hewa iliyobanwa, maji na mafuta katika kiwanda ambacho tayari kinafanya kazi na ambacho hakikujengwa na vifaa hivyo. Mita zenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuzifunga bila kuvuruga uzalishaji na kuhakikisha kwamba namba zinazotolewa ni za kweli.

Sababu za kupima

Kiwanda chenye mita kuu pekee hupata bili moja kila mwezi. Bili hiyo huonyesha jumla ya kilowati-saa zilizotumika, lakini haionyeshi kama zimetumiwa na mota, kompresa, majokofu au taa. Mita ndogo zinazofungwa kwa kila idara au mashine huonyesha mgawanyo huo, pamoja na matumizi ya usiku wakati kazi imesimama.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 50001 kuhusu usimamizi wa nishati kilitolewa mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2018. Kinataka taasisi inayokifuata ipime na kuchambua matumizi yake makubwa. Nchini Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilivitaka viwanda na majengo yanayotumia kuanzia kilowati-saa 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 3.

Usalama na kusimamisha kazi

Mkondo mkubwa wa umeme haupitishwi moja kwa moja ndani ya mita. Hupunguzwa kwanza na transfoma ya mkondo, kwa mfano kutoka ampea 200 hadi ampea 5. Transfoma ya kawaida ina umbo la pete, kwa hiyo ni lazima kebo ifunguliwe ili ipitishwe katikati. Hilo haliwezekani bila kuzima umeme.

Transfoma inayofunguka pande mbili huzungushwa kwenye kebo bila kuikata. Hata hivyo, kufungua kabati lenye umeme ni hatari, kwani cheche kubwa inaweza kulipuka na kumuunguza fundi. Hatari nyingine ni kuachia nyaya za upande wa pili wa transfoma ya mkondo zikiwa wazi wakati mkondo unapita katika kebo kuu: volti kubwa hujitokeza hapo na inaweza kuua. Kwa sababu hizo, kazi hii hupangwa kufanyika siku za matengenezo, kiwanda kinapokuwa kimesimama.

Matatizo mengine ni kabati lisilo na nafasi, kebo zisizo na alama na michoro ya umeme isiyolingana na hali halisi baada ya mabadiliko ya miaka mingi.

Makosa ya vipimo

Mita iliyofungwa vibaya huendelea kutoa namba, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Tuseme mashine inatumia kilowati 90 kutoka umeme wa fezi tatu, yaani kilowati 30 kwa kila fezi. Transfoma moja ikigeuzwa, mita nyingi zitahesabu 30 + 30 − 30, na kuonyesha kilowati 30 tu. Transfoma mbili zikibadilishana fezi, jumla huwa karibu na sifuri. Uwiano nao ukiwekwa vibaya, kwa mfano 200/5 badala ya 400/5, mita huonyesha nusu ya matumizi.

Transfoma kubwa kupita kiasi pia hupotosha vipimo. Ile ya daraja la 1 inaruhusiwa kukosea kwa 1% katika mkondo wake kamili, lakini kwa 3% mkondo unaposhuka hadi 5% ya kiwango hicho.

Mafundi hugundua makosa haya kwa kulinganisha jumla ya mita ndogo na mita kuu, na kwa kuzima mashine moja ili kuona kama mita yake inashuka.

Mvuke na hewa

Mita nyingi za mtiririko huhitaji kipande kirefu cha bomba kilichonyooka kabla na baada yake, nacho ni adimu katika mabomba ya zamani yenye kona nyingi. Kwa maji, kuna mita za mawimbi ya sauti zinazofungwa juu ya bomba bila kulikata. Kwa mvuke, kwa kawaida bomba hukatwa, na boila husimamishwa.

Mawasiliano ya data

Mita nyingi hutuma data kwa Modbus, mfumo ulioanzishwa mwaka 1979. Katika waya wa RS-485 data inaweza kusafiri hadi mita 1,200 hivi, lakini waya huo ukilazwa sambamba na kebo za mota huweza kupata mwingiliano wa umeme. Mawasiliano ya redio hupunguza nyaya, ila kuta nene na kabati za chuma huzuia mawimbi. Toleo la asili la Modbus halina nywila wala usimbaji, kwa hiyo mita zinazounganishwa na intaneti zinahitaji kutengwa na mtandao unaoendesha mashine.

Matumizi ya matokeo

Mita haipunguzi matumizi yenyewe. Faida hupatikana pale mtu aliyepewa jukumu anaposoma data mara kwa mara, akailinganisha na kiasi cha bidhaa kilichozalishwa, na kuchukua hatua kama kuziba mianya ya hewa au kuzima mashine zisizotumika.