Paka Aliyeanza kwa Jina la Jasper

Februari 1940, majumba ya sinema ya Marekani yalionyesha katuni fupi iliyoitwa Puss Gets the Boot. Paka wake alikuwa Jasper. Panya hakutajwa jina. Mtumishi wa nyumba anampa paka onyo la mwisho: akivunja kitu kingine tena, atafukuzwa. Panya anasikia. Tangu hapo kila glasi anayoishika mkononi inakuwa silaha, na paka, mwenye makucha na meno, anabaki kudaka vyombo visianguke.

Wabunifu walikuwa William Hanna na Joseph Barbera wa studio ya MGM. Barbera alikuwa fundi wa kuchora na kubuni vituko. Hanna alijua kitendo kichukue muda gani ili mtu acheke. Mkuu wao, Fred Quimby, hakuona sababu ya kuendelea na hadithi ya paka na panya. Ikaja barua kutoka Texas, ikiuliza nyingine zitatoka lini. Yakatafutwa majina mapya kwa shindano la wafanyakazi, na mchoraji John Carr akajipatia dola 50 kwa kupendekeza Tom na Jerry.

Mimi humhurumia Tom. Ana majivuno na hasira za haraka, lakini hachoki kujaribu. Jerry ni mdogo, si malaika: mara nyingi yeye ndiye mchokozi. Na wakitokewa na adui wa pamoja, hushikana mikono hadi hatari ipite.

Hawasemi sana, kwa hiyo mtoto wa Dar es Salaam anawaelewa kama wa Chicago. Kazi ya kusema aliachiwa Scott Bradley, mtunzi wa muziki: paka akinyata, ala zinanyata naye.

Lipo doa. Yule mtumishi mweusi, aliyepewa sauti na Lillian Randolph, alichorwa kwa kejeli za kibaguzi za zama zile. Hilo ni kosa, na uzuri wa michoro haulifuti.

Hanna na Barbera walitengeneza filamu 114 za wawili hawa, zikapata tuzo 7 za Oscar. Mwaka 1957 MGM ilifunga studio yake ya katuni, baada ya kuona kwamba kurudia za zamani kunaingiza fedha karibu sawa na kutengeneza mpya. Lile yowe la Tom anapoumia, linalosikika hadi leo, ni sauti ya Hanna mwenyewe.