Maradhi na Amri katika Nchi ya Siam

Nchi ya Thailand, ambayo mpaka mwaka 1939 ikiitwa Siam, i mashariki ya Bara Hindi, ng'ambo ya Burma. Ni nchi ya mpunga na mito mikubwa, na mji wake mkuu ni Bangkok. Ndiyo nchi ya kwanza, ukiacha China yenyewe, iliyotangaza mgonjwa wa korona: tarehe 13 Januari 2020 ilijulikana ya kuwa mgeni mmoja aliyetoka mji wa Wuhan ameonekana na maradhi hayo. Wengi wameandika jinsi Wathai walivyopigana na maradhi. Hapa twataka kueleza jinsi walivyoitilia shaka serikali yao wakati wa maradhi, maana shaka yao haikuwa sawasawa na ile iliyosikiwa katika nchi nyingi nyingine.

Kwingine walitokea watu waliokana ya kuwa maradhi yapo, wakaitupa barakoa kama kongwa la utumwa. Wathai walio wengi hawakukana. Nchi yao yaijua tauni tangu zamani. Mwaka 1820, katika enzi ya mfalme Rama wa Pili, kipindupindu kiliingia Bangkok kikaua watu wengi mno, hata maiti wakarundikana katika hekalu la Wat Saket, wachomaji wasiweze kuwamaliza. Mfalme akaamuru mizinga ipigwe usiku kucha ili kufukuza pepo waliodhaniwa kuleta ugonjwa. Baadaye nchi ikashika njia ya udaktari. Hospitali ya Siriraj ilifunguliwa mwaka 1888, na katika miaka hii yetu wako vijijini wasaidizi wa afya wa kujitolea wapatao milioni moja. Hao ndio waliopita nyumba kwa nyumba mwaka 2020, wakipima homa na kuwaangalia waliorudi kutoka mjini. Watu waliwafungulia milango, kwa kuwa ni jirani zao.

Basi shaka ilitoka wapi? Ilitoka katika sheria iliyochaguliwa.

Thailand ilikuwa na sheria ya maradhi ya kuambukiza, iliyotungwa mwaka 2015, na kwa sheria hiyo maduka makubwa ya Bangkok yalikwisha kufungwa mwezi wa Machi 2020. Lakini tarehe 26 Machi serikali ilileta juu yake sheria nyingine, ile ya hali ya hatari ya mwaka 2005. Sheria hii haikutungwa kwa ajili ya wagonjwa. Ilitungwa kwa ajili ya majimbo ya kusini, Pattani, Yala na Narathiwat, palipokuwa na maasi. Na mwaka 2010 ilitumiwa Bangkok juu ya watu wa mashati mekundu walioipinga serikali. Avunjaye amri zake aweza kufungwa miaka miwili au kutozwa faini ya baht 40,000. Tena afisa atendaye kazi kwa sheria hiyo hashitakiwi, maadamu ametenda kwa nia njema na bila kupita kiasi, wala mahakama ya mambo ya utawala haina ruhusa ya kuzipima amri zake. Msomaji aone mwenyewe kama hiyo ni dawa ya homa.

Aliyeitangaza alikuwa Jemadari Prayut Chan-o-cha, aliyetwaa serikali kwa nguvu za jeshi tarehe 22 Mei 2014, akabaki Waziri Mkuu baada ya uchaguzi wa mwaka 2019. Mwezi mmoja tu kabla ya tangazo, tarehe 21 Februari 2020, mahakama ilikuwa imekivunja chama cha Future Forward, kilichopendwa sana na vijana, na wanafunzi walikuwa wameanza kukusanyika katika vyuo vyao kulalamika. Maradhi yakawatawanya. Hayo hayakuwa hila ya mtu, maana korona haikumwomba jemadari ruhusa. Walakini watu hawakusahau mfuatano wa siku.

Hata hivyo walitii. Tangu tarehe 3 Aprili walikatazwa kutoka nje usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi ya alfajiri. Sikukuu ya mwaka mpya wao, Songkran, iliahirishwa. Wenye kazi za kibarua walikosa chakula, serikali ikatoa baht 5,000 kwa mwezi, wengi wakakosa hata hizo kwa kuwa majina yao yalikataliwa. Ndipo watu wakaweka kabati za vyakula kando ya njia, mwenye nacho atie, asiye nacho atwae. Matunda yakaonekana: tangu mwisho wa Mei mpaka mwanzo wa Septemba, siku zipatazo 100, hakuonekana mtu aliyeambukizwa ndani ya nchi.

Na hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Wagonjwa walipokoma, sheria haikukoma. Ilizidishwa mwezi kwa mwezi. Serikali ilisema ya kuwa bila sheria ile idara nyingi zisingeweza kuongozwa kwa mkono mmoja, na jibu hilo si la kudharauliwa, maana tauni haingojei mabaraza. Lakini mwezi wa Julai kilitokea kisa kilicholiharibu jibu hilo. Askari wa ndege kutoka Misri walishuka Rayong, wakaruhusiwa kwa desturi ya wageni wa serikali, wakatoka hotelini kwenda madukani. Halafu mmoja akaonekana na maradhi. Mthai aliyerudi kwao alifungiwa karantini siku 14, bali mgeni wa serikali alikwenda sokoni! Shule za Rayong zikafungwa, hoteli zikapoteza wageni. Waziri Mkuu alikwenda huko tarehe 15 Julai, na vijana wawili walioinua mabango ya kumlaumu wakakamatwa.

Siku tatu baadaye, tarehe 18 Julai, vijana walijaa penye Mnara wa Demokrasia mjini Bangkok. Walitaka bunge livunjwe, katiba mpya iandikwe, na wananchi waache kuonewa. Picha za siku ile zaonyesha jambo la kuangaliwa: wamevaa barakoa. Hawakuipinga barakoa, waliipinga amri. Mwezi wa Oktoba ikatangazwa hali ya hatari kali zaidi, mikutano ya watu watano na zaidi ikapigwa marufuku Bangkok, na baada ya wiki moja ikaondolewa kwa kuwa watu hawakukoma kukusanyika.

Mwaka 2021 mambo yaligeuka. Mpaka Machi waliokufa kwa korona nchini hawajafika 100. Mwisho wa mwaka walizidi 21,000. Wimbi la Aprili lilienea kutoka vilabu vya usiku vya Thong Lo, mahali pa matajiri, na maskini wakauliza kwa nini vibanda vyao vya chakula ndivyo vilivyofungwa mwaka wa jana. Chanjo zilichelewa. Mwezi wa Januari mwanasiasa Thanathorn Juangroongruangkit aliuliza hadharani kwa nini tumaini kubwa limewekwa katika kampuni moja, Siam Bioscience, ambayo ni mali ya mfalme. Akashitakiwa kwa kumvunjia mfalme heshima. Kumshitaki aulizaye juu ya chanjo hakuongezi chanjo hata moja.

Mwisho wa Julai, maiti wakiwa wameonekana barabarani Bangkok, ilitoka amri ya kukataza habari ziwezazo kuwatia watu hofu. Haikusema ya kuwa sharti habari hizo ziwe za uongo. Waandishi wa habari walikwenda Mahakama ya Madai, na tarehe 6 Agosti mahakama ikaisimamisha amri. Siku chache baadaye serikali yenyewe ikaifuta. Katika muda wote ule sijaona siku iliyowapa Wathai faraja kama hiyo.

Sheria ya hali ya hatari ilikoma tarehe 1 Oktoba 2022, baada ya miaka miwili na nusu. Zaidi ya watu 1,400 walikuwa wameshitakiwa kwayo kwa sababu ya mikutano na maneno. Mashitaka hayakukoma pamoja na sheria. Mahakama ziliendelea kuyasikiliza moja moja, hawa wakiachiliwa, hawa wakitozwa faini, kwa kuvunja amri ambayo haikuwapo tena.