Kuchimba na Kuchimbisha

Katika ukoo wetu iko sentensi moja ambayo kila mtoto aliisikia kabla ya kujua kusoma: baada ya tufani ya mwaka 1872, Babu Mkuu alichimba kisima. Imo katika shajara iliyotundikwa ukutani kwa jamaa zetu wa Muscat, imo katika kanda aliyoturekodia marehemu bibi, na mimi mwenyewe nimeiandika hapa mara mbili bila ya kuitilia shaka. Makala hii ni ya kuisahihisha. Itanibidi nianze mbali kidogo, uani kwangu kaskazini mwa London, kwa kuwa huko ndiko nilikotambua ni neno gani lililokosewa.

Mwaka juzi, baada ya kustaafu, niliamua kuchimba kidimbwi. Sikukusudia dimbwi la samaki wa mapambo wala chemchemi ya kurusha maji, bali kidimbwi cha viumbe vya porini: vyura, kereng'ende, ndege wanaotaka pa kuoga. Waingereza wana historia ndefu ya vidimbwi vya aina hii, na vingi vyao vilichimbwa na watu. Palichimbwa udongo wa kufyatulia matofali au wa kurutubishia mashamba, shimo likajaa mvua, ng'ombe na farasi wakanyweshwa hapo. Pale ambapo ardhi haikushika maji, watu walimwaga udongo wa mfinyanzi wakaukanyaga kwa miguu, pengine pamoja na mifugo yao, hata ukawa mzito usiopitisha tone. Katika karne ya 20 bomba lilifika mashambani, trekta likachukua nafasi ya farasi, na karibu nusu ya vidimbwi vya nchi hii vikafukiwa au vikakauka. Ndiyo maana leo chura wa Kiingereza, kwa sehemu kubwa, anaishi kwa hisani ya ua wa mtu.

Mama hakupendezwa. Yeye alikulia Mjini Unguja, wakati ambapo bwana afya alikuwa akiingia majumbani kukagua mitungi na mabirika, na nyumba iliyokutwa na viluwiluwi ilipata fedheha mtaa mzima. Kwake maji yaliyotuama ni mbu, na mbu ni homa. Nilimweleza kuwa viluwiluwi niliokuwa nikiwatamani mimi ni wa chura, akanijibu kuwa kwa Kiswahili jina ni hilo hilo moja, na kwamba huenda wazee walikuwa na sababu yao. Kisha akanishauri nitie samaki wadogo, kama wale wa kwenye mifalaji ya Oman wanaokula vijidudu vya majini. Shauri lake lilikuwa na elimu ndani yake, lakini samaki angekula pia mayai ya chura na watoto wake. Tukaachana hapo.

Nilipima urefu wa mita 4 na upana wa mita 2.5, kina sentimita 60 katikati, na kingo zenye mteremko mdogo kama wa ufukwe, ili ndege aweze kuingia kwa kutembea na kalunguyeye aliyetumbukia usiku aweze kupanda akatoka. Kwenye karatasi ni kazi ndogo. Lakini ardhi ya London ni udongo wa mfinyanzi. Kiangazi huwa mgumu kama tofali (na mji huu umejengwa kwa matofali ya udongo huo huo), masika ya kupukutika majani hung'ang'ania beleshi ukawa unainua mzigo mara mbili: udongo, na chuma kilichofungwa na udongo. Jumamosi ya kwanza niliondoa majani ya juu. Ya pili nikafika magotini. Ya tatu viganja vilipasuka malengelenge nikavifunga vitambaa. Wapwa zangu wawili walikuja siku moja, wakapiga picha, wakaondoka kwa udhuru wa mitihani.

Kwa hesabu yangu nilitoa karibu mita 3 za ujazo, yaani tani 5 hivi, toroli baada ya toroli, kupitia ujia mwembamba wa ubavuni mwa nyumba. Ilinichukua wiki sita. Jioni moja nimekaa ukingoni mwa shimo, mgongo hautaki kunyooka, nikamkumbuka mwanamke mmoja wa Kizimbani.

Nilikwenda Kizimbani mwaka 2009, kulitafuta shamba. Mikarafuu ilikuwa imechanganyika na minazi na migomba. Ardhi yenyewe, kama yalivyo mashamba mengi ya Unguja baada ya mwaka 1964, iligawiwa watu eka tatu tatu. Kisima kilikuwa hai. Mwanamke wa makamo alikuwa anateka maji kutia katika madumu. Nilimwamkia, tukajuliana hali, kisha nikamwambia kwa fahari ambayo leo naiona haya, "Kisima hiki alikichimba babu yangu mkuu." Akanitazama mikono. "Kwa mikono yake, baba?" Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua tu. Nilicheka, naye akacheka, akasema kuwa yeye aliambiwa kilichimbwa na wazee wao. Nilimhesabu kuwa amekosea. Nikakipima kwa kamba, nikapiga picha, nikarudi mjini.

Vipimo vile bado ninavyo: upana mita 1.5, kwenda chini mita 12. Nilipokuwa na mita zangu 3 za ujazo mgongoni ndipo nilipoifanya hesabu ambayo miaka yote sikuifanya. Ni mita 21 za ujazo, zaidi ya tani 40, na si kwa toroli. Ni mtu mmoja chini kwenye giza na mtaimbo, anajaza kikapu, na watu juu wanavuta kamba, huku kila anaposhuka zaidi hewa inapungua na mawe yaliyo juu ya kichwa chake yanaongezeka. Na mfanyabiashara wa karafuu mwenye joho na jambia, ambaye picha yake ya uzeeni tunayo sote, hakuwa ndani ya shimo lile.

Ni nani basi? Tarehe zinajibu zenyewe. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa mno ya mikarafuu ya Unguja, na wenye mashamba waliobaki na uwezo wakaanza kupanda upya. Mche wa mkarafuu unataka maji. Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, soko la mjini likafungwa. Lakini kumiliki mtumwa kulibaki halali mpaka amri ya mwaka 1897. Kisima kilichochimbwa katika shamba la Kizimbani kati ya miaka hiyo, kwa kawaida ya mashamba yale, kilichimbwa na watu waliokuwa mali ya mwenye shamba: Wanyasa, Wayao, Wamanyema, waliopewa majina ya heri kama Mabruki na Feruzi na wale wale waliowanyang'anya majina yao. Hata ile amri ya 1897 ilimtaka kila mmoja aende mwenyewe kudai uhuru wake, na aliyelipwa fidia ni bwana. Wengi walibaki pale pale, wakijenga vibanda chini ya mikarafuu ya mtu.

Lugha yetu, lakini, haikutulazimisha kukosea. Kiswahili kina kuchimba na kina kuchimbisha, kina kujenga na kina kujengesha. Silabi moja tu inatosha kusema kweli. Tumeiacha silabi hiyo kila mahali. Mgeni akifika Kidichi, hatua chache kutoka Kizimbani, huambiwa kuwa Seyyid Said alijenga hamamu ile mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Akirudi mjini ataambiwa kuwa Barghash alijenga Beit el Ajaib, na kwamba aliwaletea watu maji ya bomba kutoka Chemchem. Nami sikatai sifa ya Barghash. Mji uliokuwa umetoka katika kipindupindu cha 1869 na 1870 ulikuwa na haja kubwa ya maji safi. Nasema tu kwamba mfereji ule ulifukuliwa na mikono, na mikono ina wenyewe.

Wala sikusudii kumvua Babu Mkuu elimu aliyokuwa nayo. Alitoka katika nchi ambayo maji ni hesabu na sheria. Mifalaji ya Oman, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, hupitisha maji kwa mteremko mdogo mno kilomita kadhaa, na zamu ya kila mwenye shamba ilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Alijua pa kuchimba. Alijua kuta zizibwe kwa nini. Neno letu saruji ni lile lile sarooj la Oman, udongo uliochomwa ukasagwa kuziba mifereji na mabirika kabla simenti ya viwandani haijafika. Nyumbani kwake mjini mvua ya darini ilishuka kwa mlizamu mpaka ndani ya birika, na nyumba nzima ilitawadhia hapo. Haya yote yanastahili kukaa katika shajara.

Birika lile ndilo lililonisaidia kumaliza kidimbwi. Kwanza nilitandika mchanga na zulia kuukuu, juu yake turubai la mpira. Kipimo chake ni urefu wa shimo, ukiongeza kina mara mbili, kisha sentimita 30 za ukingo kila upande. Kwangu ilikuwa mita 5.8 kwa 4.3. Kingo nilizisawazisha kwa pima maji, kwani maji hayamstahi mtu, upande mmoja ukiwa chini ndio utakaomwaga. Maji ya bomba huwa na chumvichumvi zinazolisha utando wa kijani, kwa hiyo niliunga mlizamu kutoka paa la banda, nikaiachia mvua ya Novemba ifanye kazi yake. Ilichukua majira yote ya baridi. Vyura sikuwaleta. Kuhamisha mayai kutoka kidimbwi kingine huhamisha na maradhi, na wenyeji waliniambia kuwa maji yakiwepo watakuja wenyewe.

Walikuja wiki ya pili ya Machi. Asubuhi moja palikuwa na rundo la mayai pembeni, kama ute wenye punje nyeusi. Mama aliomba kiti. Alikaa hapo na shali yake, akatazama kwa muda mrefu, kisha, bila ya mimi kumuuliza chochote, akasema: "Bibi yangu akisema yule mzee wa kisimani alikuwa akizungumza na vyura."

Mzee gani? Ndipo ikatoka. Bibi yake, alipokuwa mtoto pale shambani, alimkuta mzee mmoja aliyekaa kwenye kibanda karibu na kisima, mguu mmoja umepinda, jiwe lilimwangukia siku za kuchimba. Waliokuwa naye chini siku hiyo hawakutoka. Mama hakumbuki walikuwa wawili au watatu. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. Akasema, "Mlikuwa mnauliza habari za Babu." Akanyamaza, akaongeza kwamba kisima kile kiliwekwa wakfu, na Babu alikuwa akitaraji thawabu zake kila anapokunywa mpita njia. "Zinajulikana zinakokwenda," akasema, nami sikumuuliza alikuwa na maana gani.

Jamaa mmoja wa Muscat, nilipompelekea rasimu ya makala hii, alinijibu kwa upole kuwa mambo hayo yamekwisha, kuwa sisi nasi tulinyang'anywa mwaka 1964 na hakuna aliyetuandikia shajara, na kwamba watoto wetu wana mizigo ya kutosha huku ugenini. Kuhusu 1964 anasema kweli, na yeye aliyaona kwa macho yake yale niliyoyasikia mimi. Lakini tunapodai kwamba yaliyotupata yatajwe, sioni kwa kinywa gani tutawanyima wale wa chini ya kisima.

Shajara nimeibadilisha. Sasa inasomeka: Babu Mkuu alichimbisha kisima Kizimbani, kikawekwa wakfu, watu wawili au watatu walifia ndani yake, na mmoja alibaki na mguu uliopinda. Chini yake nimeacha mistari minne mitupu. Kama nyumbani kwenu, Muscat au Dubai au Leeds au Unguja yenyewe, kuna mzee aliyewahi kutaja jina la mtu wa kisimani, hata nusu ya jina, naomba umuulize sasa, kisha uniandikie.