Kiangazi Kilicholowa Mpakani

Desemba inapoingia, wanawake wa Masinya hufagia ua na kuusiriba upya kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo. Ua ukishakauka na kushikana, ndipo mahindi, mtama na mihogo ya msimu wa pili inapomwagwa juu yake. Masinya ni kata ya wilaya ya Busia, upande wa Uganda, katika nchi ya Wasamia. Kusini kuna Ziwa Victoria, kaskazini kuna Tororo, na mashariki unapita Mto Sio, ambao kwa sehemu ndio mpaka na Kenya. Kwa miezi mitatu hivi, hadi Februari inapoisha, watu wa hapa hufanya kazi ambayo ni ngumu zaidi miezi mingine: wanaanika.

Mwenye nyumba hapimi ukavu kwa mashine. Huokota kipande cha muhogo na kukivunja. Kikikatika kwa mlio, na ndani kikawa cheupe tupu, kiko tayari kwa ghala. Kikipinda kwanza, kinarudi juani. Punje ya mahindi hujaribiwa kwa jino. Upande wa Teso mihogo hufunikwa makusudi siku kadhaa hadi iote ukungu, kisha hukwanguliwa na kuanikwa. Ukungu huo ndio unaoupa ugali wake ladha, mradi jua lipatikane baadaye. Hata pombe ya wimbi, ile ajon ya Waiteso ambayo wengi huiita malwa na kuinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, huanzia juani: kimea lazima kikauke, na unga uliochachushwa na kukaangwa lazima ukauke nao. Kule ziwani, Majanji na Sio Port, dagaa wanaoitwa mukene ng'ambo hii na omena ng'ambo ile hutandazwa juu ya nyavu alfajiri, na jioni huwa wameshakuwa bidhaa au wameshakuwa hasara.

Sasa fikiria Januari isiyo na jua. Wingu limelala tangu asubuhi, manyunyu yanakuja na kuondoka, baridi inawarudisha watu jikoni, na ua uliosiribwa kwa uangalifu umegeuka tope. Historia ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa wingi kuhusu ukame, na ni haki, kwa kuwa ukame unaua. Kiangazi kilicholowa kimeandikwa kidogo mno. Wakati wake miti huwa ya kijani, mito imejaa, ng'ombe wamenona, na msafiri anayepita kati ya miji ya mpakani ya Malaba na Busia haoni njaa inayojengeka polepole ndani ya ghala.

Eneo lenyewe halijawahi kuwa kavu kabisa. Tororo hupata takriban milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sababu yake inaonekana kwa macho. Upande mmoja kuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika, upande wa pili kuna Mlima Elgon unaofika mita 4,321. Mchana upepo wenye unyevunyevu hutoka ziwani kuelekea bara, ukakutana na hewa inayopandishwa na mlima, na alasiri radi hulia. Kati ya mwaka 1967 na 1976 Tororo ilirekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyoufanya mji huo utajwe duniani kote miongoni mwa miji yenye radi nyingi zaidi. Kwa hiyo mkulima wa hapa haombi anga isiyo na wingu. Anaomba asubuhi yenye jua, saa tano au sita tu kabla ya ngurumo, na anaomba zipatikane Desemba hadi Februari.

Mwaka 1961 hakuzipata.

Miezi ya kwanza ya mwaka huo ilikuwa ya ukame katika sehemu kubwa ya Kenya, na chakula cha msaada kiligawiwa. Oktoba mvua ikaanza, ikaendelea Novemba, na Desemba haikukoma. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 wakati mito ya Afrika Mashariki ikiwa imevunja kingo, na nchini Kenya mafuriko hayo yamebaki na jina la Uhuru hadi leo. Kwa wakulima wa wilaya ya Bukedi, ambayo wakati huo ilijumuisha Tororo na Busia ya Uganda, mvua ile ilikuja wakati mbaya kuliko wowote, kwa sababu pamba ilikuwa shambani.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwani pamba ndiyo iliyoujenga mpaka huu kibiashara. Mbegu zilizoletwa na Uganda Company mwaka 1903 zilisambaa haraka upande wa mashariki, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Bukedi na Teso zilikuwa tayari nchi za pamba. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 ikipitia Tororo, marobota yalipata njia ya moja kwa moja hadi Mombasa. Kila familia ilikuwa na shamba lake, na fedha ya kodi, ya ada za shule na ya mahari ilitoka humo. Mavuno yaliangukia kiangazi. Vitumba hupasuka, nyuzi hutokeza, na mchumaji hupita mara kadhaa. Nyumbani pamba ilichambuliwa katika mafungu mawili ambayo kila mtoto aliyajua: safi na fifi. Safi ilikuwa nyeupe, kavu, isiyo na doa. Fifi ilikuwa ile iliyoingia madoa, iliyoguswa na wadudu au iliyonyeshewa, na bei yake kwenye mizani ilikuwa chini sana. Mvua mbili tatu za Januari zilitosha kuhamisha kazi ya mwaka mzima kutoka fungu la kwanza hadi la pili.

Msimu wa 1961/62 haukuwa wa mvua mbili tatu. Mavuno ya pamba ya Uganda nzima yalianguka hadi takribani nusu ya mwaka uliotangulia. Nchi ilikuwa ikijiandaa kupokea uhuru wake tarehe 9 Oktoba 1962, nayo pamba pamoja na kahawa ndizo zilizokuwa zikiibeba hazina yake. Katika historia za kisiasa za miezi hiyo utasoma juu ya vyama, mikutano ya London na kiti cha Kabaka. Mkulima aliyesimama Bukedi na gunia la fifi hana hata ukurasa mmoja, na hilo ni pengo ambalo wanahistoria wa vyuo vikuu vya Makerere na Maseno wangeweza kulijaza kabla wazee waliosimama kwenye foleni ile hawajaisha.

Maji nayo hayakuondoka na msimu. Ziwa Victoria lilianza kupanda mwishoni mwa 1961 na halikusimama hadi Mei 1964, likiwa limeongezeka zaidi ya mita mbili. Ziwa hilo limekuwa likipimwa tangu 1896, na hakuna aliyekuwa ameandika kupanda kwa namna hiyo. Vijiji vya ufukweni vilisogea. Pale Bunyala, upande wa Kenya, ambako Mto Nzoia humwaga maji ya Cherangani na Elgon ziwani, mashamba tambarare yaligeuka mabwawa. Serikali ya Kenya ilikuja kujenga kuta za udongo kuuzuia mto huo kuanzia miaka ya 1970, na kuta hizo zimebomoka mara nyingi tangu hapo, ikiwemo 2003 na 2008.

Kwa nini 1961? Jibu la kisayansi lilichelewa karibu miaka arobaini. Mwaka 1999 watafiti wa Kijapani na Kihindi walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyobadilika: miaka fulani maji ya upande wa Afrika hupata joto kupita kawaida huku ya upande wa Indonesia yakipoa, na mvuke unaozidi upande wetu huletwa bara na upepo. Mwaka 1961 ulikuwa mfano mkubwa wa hali hiyo. Ndivyo ulivyokuwa pia 1997, ambapo El Niño ya Bahari ya Pasifiki ilijiunga nayo, na ndivyo ulivyokuwa 2019. Kiangazi cha Masinya, kwa maneno mengine, huharibikia mbali sana na Masinya, na huanza kuharibika miezi kadhaa kabla ya wingu la kwanza kuonekana juu ya Elgon.

Wazee walikuwa na elimu yao kuhusu jambo hilo, na ingekuwa kosa kuipuuza. Majirani wa Wasamia katika nchi ya Wanyole wa Vihiga, ukoo wa Nganyi, wanajulikana kote magharibi mwa Kenya kwa kazi ya mvua. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni kuita mvua tu. Mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner, aliyefanya utafiti kati ya Waluhya, ambao Wanyole ni sehemu yao, katika miaka ya 1930, alieleza kwamba mtu wa mvua aliogopwa na kuheshimiwa kwa uwezo wa kuileta na pia wa kuizuia. Jamii inayoanika chakula chake ilihitaji yote mawili. Wana-Nganyi husoma maua ya miti katika misitu yao mitakatifu, mwendo wa nyuki, chura na nyoka, na mwelekeo wa upepo. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1925 iliyopiga marufuku uchawi iliwatia watu wa namna hiyo kwenye kundi moja na waganga wabaya. Zaidi ya miaka themanini ilipita ndipo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilipokaa nao meza moja: kuanzia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, utabiri wa ukoo na wa setilaiti umekuwa ukilinganishwa na kutolewa kwa pamoja kwa wakulima. Ni hatua ya heshima, na ilistahili kuchukuliwa mapema zaidi.

Mvua ya 1997 ilipita Krismasi na kuingia Januari na Februari 1998. Barabara zilikatika pande zote mbili za mpaka, na kipindupindu kikafuata maji machafu: mwaka 1998 Uganda pekee iliripoti karibu wagonjwa 50,000. Kiangazi cha mwaka 2010 kilikuwa na msiba wa aina nyingine. Mvua ilinyesha juu ya Elgon wakati ambao udongo wa mlima ulipaswa kuwa mkavu, na tarehe 1 Machi 2010 mteremko uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, na mamia ya watu wakafa au kupotea chini ya matope. Mito ya mteremko huo ndiyo inayoshuka kuelekea Tororo na Butaleja, kwenye mashamba ya mpunga ya Doho. Mwishoni mwa 2019 mvua kubwa ikaja tena, na mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Watu wa Budalangi, kulekule Bunyala, walihamia kambini mwaka huo huku barakoa za korona zikiwa usoni.

Halafu kuna madhara yasiyopigwa picha. Nafaka iliyoingia ghalani na unyevunyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu ya aflatoksini ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kenya ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2004, wakati mahindi yaliyohifadhiwa mabichi huko Makueni na Kitui yalipowafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi yote kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Malori yaliyosheheni yalikwama Busia na Malaba. Baada ya siku chache marufuku ililegezwa kwa masharti: cheti, usajili wa mfanyabiashara, na kiwango cha aflatoksini kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Magazeti yaliandika habari ile kama ugomvi wa kibiashara kati ya nchi jirani. Ilikuwa pia habari ya jua. Gunia lililozuiwa mpakani lilikuwa limeanza kuharibika ukumbini kwa mtu, siku ambayo punje zilirudishwa ndani kwa mara ya nne kukwepa manyunyu, zikarundikwa zikiwa na joto, na kwa vile ada ya shule ilikuwa ikidaiwa, zikauzwa zikiwa hivyo hivyo.

Mkulima hajakaa bila kujitetea. Turubai za plastiki zimechukua nafasi ya ua uliosiribwa katika nyumba nyingi, kwa sababu zinakunjwa haraka ngurumo ikisikika, na dagaa wameanza kuinuliwa juu ya vichanja vya wavu badala ya kulala mchangani. Mwaka 2023, El Niño nyingine ikitangazwa, serikali ya Kenya ilinunua mashine 100 za kukaushia nafaka zinazohamishika, nyingi zikapelekwa kwenye nchi za mahindi za Bonde la Ufa. Nchi ya mpakani ina haki ya kudai zake. Serikali ya kaunti ya Busia nchini Kenya, na wilaya za Busia na Tororo ng'ambo ya Mto Sio, zinanyeshewa na mvua ileile na kuuziana mahindi yaleyale. Zikae pamoja, zinunue vikaushio, na ziviweke Masinya, Sio Port na Malaba kabla ya Desemba, wakati utabiri wa bahari umeshatoka na nafaka bado iko shambani.